Usitupe CD ya Mama: historia fupi ya kunakili muziki bila kudanganya

Mara nyingi tunaandika historia ya vita, mipaka na mikataba. Leo tunaandika historia ya kitu kidogo cha duara, chenye upana wa sentimita 12 tu: CD ya muziki. Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana bila kosa hilo tusingeitafuta historia hii.

Mwaka jana mama mmoja wa zoni yetu alituletea CD ya kwaya, kaifunga kwenye kipande cha kitenge. Kwaya hiyo iliimba kule Fizi kabla watu hawajatawanyika. Mume wake, ambaye ameshafariki, ndiye anayeongoza wimbo wa 5. Redio yake ya CD ilikuwa imekufa, akataka nyimbo ziwekwe kwenye memori kadi ya simu. Tukamwambia mama, hiyo kazi ndogo, njoo kesho.

Tukaiingiza CD kwenye kompyuta ya kikundi. Programu iliyokuja na kompyuta ikachagua kila kitu yenyewe, na baada ya dakika chache kazi ikawa imeisha. Tuliposikiliza, kulikuwa na tik-tik hapa na pale. Mmoja wetu anajua kidogo kuhariri sauti, akazikata zile tik-tik na kelele nyingine zote alizoziona hazina maana. Wimbo ukawa safi, tukajisifu. Mama alipokuja tukamwambia CD yenyewe sasa haina kazi, anaweza hata kuitupa.

Alisikiliza mpaka wimbo wa 5, akatuangalia.

“Batoto bangu, aksanti. Lakini kikoozi iko wapi?”

“Kikohozi gani, mama?”

“Ya papa yenu. Mbele aingie mu mustari ya pili, anakoholaka pale.”

Tukabaki tunaangaliana. Kumbe ile “kelele” tuliyoikata ilikuwa ni mtu. Na Mungu saidia, CD alikuwa hajaitupa.

Siku hiyo ndipo tulipoanza kujiuliza: hivi kunakili CD kwa usahihi ni nini hasa? Tukasoma, tukauliza, tukajaribu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

CD ilitoka wapi

CD ilitengenezwa na kampuni mbili kwa pamoja, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Mwaka 1980 walikubaliana kanuni zake, na kitabu cha kanuni hizo kinajulikana kwa rangi ya jalada lake, yaani Kitabu Chekundu. Tarehe 1 Oktoba 1982 mashine ya kwanza ya kuchezea CD ilianza kuuzwa Japani. Mwaka uliofuata ikafika Ulaya.

Kanuni yenyewe inasema hivi: sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia. Kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde moja. Saa moja ya muziki ni karibu megabaiti 635. Namba hizo zote zimechorwa kama vishimo vidogo sana kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje. Ukiunyoosha mstari huo unafika karibu kilomita 5, na leza ndiyo inayousoma.

Waliotengeneza CD walijua itachafuka na kukwaruzwa. Kwa hiyo waliweka kinga ndani yake, ya hesabu iliyobuniwa na Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, mwaka 1960. Kwa maneno mepesi: pamoja na namba za muziki, CD inabeba namba za ziada za kusaidia kukagua na kurekebisha. Tena namba za muziki hazipangwi zote mahali pamoja, zinatawanywa. Ni kama familia inayosafiri usiku na kugawana karatasi muhimu, kila mtoto abebe moja. Begi moja likipotea, haipotei historia yote ya familia. Kwa kinga hiyo, alama ya milimita 2 kwenye mstari wa CD inaweza kurekebishwa kabisa, usisikie chochote.

Lakini jeraha likiwa kubwa kuliko hapo, mashine inafanya jambo jingine: inakisia. Inaangalia namba iliyotangulia na namba inayofuata, inaweka ya katikati, na muziki unaendelea. Kwa redio ya sebuleni hilo ni jambo zuri, maana hakuna anayependa wimbo ukatike katikati ya sherehe. Kwa mtu anayetaka kuweka nakala ya kudumu ni hatari, kwa sababu mashine inakisia na haikuambii kwamba imekisia.

Kwa nini kompyuta inakosea

Wengi wetu tulidhani CD ya muziki ni kama flashi: ndani kuna mafaili, unayabeba, unayahamisha, basi. Sivyo. CD ya muziki haina mafaili. Ina mstari mmoja mrefu wa sauti, na mwanzoni kuna orodha inayosema wimbo wa kwanza unaanzia hapa na wa pili unaanzia pale.

Mstari huo umegawanywa vipande 75 kwa kila sekunde, kila kipande kina baiti 2,352. CD za programu na maandishi, zilizokuja baadaye, zilichukua vipande hivyo hivyo lakini zikaweka data baiti 2,048 tu. Nafasi iliyobaki ikatumika kuandika anwani ya kipande na kuongeza kinga nyingine juu ya ile ya kwanza. Ndiyo maana hati ikikosekana herufi moja kwenye CD ya data, kompyuta inajua na inagoma. CD ya muziki haina kinga hiyo ya pili. Nafasi yote walipewa waimbaji.

Miaka ya mwanzo ya 1990 kunakili CD nyumbani lilikuwa jambo la watu wachache sana. CD nzima isingeenea kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, kwani diski zao hazikufika hata megabaiti 500. Draivu nyingi nazo ziliweza kucheza muziki tu, hazikuweza kuzitoa namba zenyewe. Zilizoweza zilikuwa na tatizo jingine: ukisimamisha usomaji na kuuendeleza, draivu hairudi pale pale ilipoachia. Inarudi mbele kidogo au nyuma kidogo. Matokeo yake ni sauti inayojirudia au inayoruka, ndiyo ile tik-tik yetu.

Halafu ikaja MP3. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walifanya kazi kwa miaka mingi kutafuta namna ya kupunguza ukubwa wa sauti. Julai 1995 wakachagua jina hilo la “.mp3” kwa mafaili yao. Saa moja ya muziki ikashuka kutoka megabaiti 635 mpaka chini ya 60. Inafanya hivyo kwa kutupa sauti ambazo sikio la kawaida haliwezi kuzitofautisha vizuri. Tusiidharau MP3, ndiyo iliyotuletea muziki kwenye simu zetu. Lakini kilichotupwa hakirudi. Ukiibadilisha MP3 kuwa MP3 nyingine, inatupwa tena sehemu nyingine, kama nguo ya mtumba inayokatwa kila inapobadilisha mwenyewe. Mwisho inabaki kola.

Watu waliochoka na tik-tik

Mwaka 1998 Mjerumani mmoja aitwaye Andre Wiethoff alianza kuandika programu yake mwenyewe, kwa sababu zile zilizokuwepo zilishindwa CD zenye mikwaruzo. Akaiita Exact Audio Copy, na mpaka leo watu wanaitumia bure nyumbani. Wazo lake kubwa ni rahisi kabisa: usiamini usomaji wa kwanza. Programu inasoma kila kipande angalau mara mbili. Majibu yakilingana, inaendelea. Yasipolingana, inarudia mara 16, na inataka angalau majibu 8 yafanane. Ikishindikana inaanza tena. Kipande kimoja kibovu kinaweza kusomwa mpaka mara 82.

Sisi wakimbizi tulicheka tulipofika hapo. Kuulizwa swali moja mara mbili, kisha kesho ofisi nyingine ikuulize tena ili waone kama jibu ni lile lile, hiyo sisi tunaijua vizuri. Tofauti ni kwamba CD haichoki.

Miaka hiyo hiyo Mmarekani Christopher Montgomery aliandika programu nyingine kwa watumiaji wa Linux, cdparanoia. Hata jina lake linasema ni ya mtu mwenye wasiwasi kupita kiasi. Yeye alisoma vipande kwa kuvipandanisha, mwisho wa kimoja juu ya mwanzo wa kinachofuata, kama mafundi wanavyopandanisha mabati ya paa ili mvua isipite.

Lakini kuna shimo bado. Je, kama draivu inakosea kosa lile lile kila mara? Itajibu sawa mara 82 na bado itakuwa inadanganya. Jibu la hilo lilikuja miaka ya mwanzo ya 2000, kwa mfumo uitwao AccurateRip. Ukimaliza kunakili wimbo, programu inatengeneza namba ya ukaguzi kutokana na wimbo huo. Biti moja tu ikibadilika, namba inabadilika. Kisha inalinganisha na namba za watu wengine duniani walionakili CD hiyo hiyo kwa mashine zao. Namba yako ikilingana na za watu 20 msiofahamiana, hakuna shaka tena. Ushahidi umetoka kwa majirani.

Kwanza, hata hivyo, ilibidi kila draivu ipimwe. Moja inaanza kusoma mapema kidogo, nyingine imechelewa kidogo. Bila kurekebisha tofauti hiyo ya mwanzo, nakala mbili nzuri zitaonekana kama zinagombana.

Na FLAC? Hii aliianza Josh Coalson mwaka 2000, toleo kamili likatoka 2001. Inapunguza ukubwa wa faili, mara nyingi mpaka karibu nusu, bila kutupa hata biti moja. Ukiifungua unapata namba zile zile za CD. Kwa hiyo nakala ya kutunza ni FLAC, na kutoka kwenye FLAC unatengeneza MP3 za simu kadiri unavyotaka.

Kampuni za muziki zenyewe hazikufurahia yote haya. Baadhi zilitoa CD zilizowekewa makosa makusudi ili kompyuta zishindwe kuzisoma, mpaka Philips ikasema diski za namna hiyo hazistahili kubeba alama ya CD. Mwaka 2005 Sony BMG iligundulika kuwa CD zake zilikuwa zinaweka programu ya siri ndani ya kompyuta za wateja. Ikabidi ziondolewe sokoni. Wasanii wana haki ya kula jasho lao, hilo tunalikubali, na sisi hatunakili ili kuuza. Ila mtu aliyeinunua CD yake kwa haki hakustahili kutegwa ndani ya nyumba yake.

Kwa nini tujali

Mtu anaweza kusema: maji yanagombaniwa bombani, ninyi mnahangaika na kikohozi. Ni swali la haki. Tunajibu kwa mfano.

Miaka ya 1950 Mwingereza Hugh Tracey alizunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki. Mwaka 1952 alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na gitaa la kijana huyo likasikika mbali sana. Kule Buganda, mwaka 1950 na 1952, alirekodi wanamuziki wa kasri la Kabaka. Mwaka 1966 majeshi ya serikali ya Obote yalivamia kasri hilo la Mengo. Kabaka akakimbilia Uingereza, na ngoma na vyombo vingi vya kifalme vikateketea. Rekodi zile zilikuwa mbali na moto. Baadaye zikatolewa kwenye CD huko Uholanzi, na leo Mganda kijana anaweza kusikia kasri la babu zake lilivyolia.

Sasa fikiria mtu anayehifadhi rekodi zile angekata kila sauti aliyoiona haina maana. Sisi tumefika hapa bila kasri na bila maktaba. Tulichobeba ni hivi vitu vidogo: picha, vitambulisho vilivyokunjwa, CD kwenye kitenge. Kwa familia nyingi nakala ya pili haipo duniani.

Tulivyorudia kazi

Tulimwomba mama radhi, akatupa CD tena. Tukaikagua kwanza kwenye mwanga. Haikuwa CD ya kiwandani, ilikuwa ya kuchomwa kwenye kompyuta. Hizi huhifadhi muziki kwenye rangi inayochakaa kwa jua na joto, tofauti na vishimo vya kiwandani. Tukajifunza pia jambo lililotushangaza: upande wa chini, ule tunaouogopa, una plastiki nene kiasi, zaidi ya milimita 1. Upande wa juu, wenye maandishi, umefunikwa na utando mwembamba tu. Mkwaruzo wa juu ndio unaoua.

Tukaifuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda nje, sio kwa kuzungusha. Sababu ni ile kinga ya Reed na Solomon: mkwaruzo unaokatiza mstari unagusa kidogo kidogo sehemu nyingi, na kinga inaumudu. Mkwaruzo unaofuata mstari unakula sehemu ndefu mfululizo, na kinga inashindwa.

AccurateRip haikutusaidia. Nani mwingine duniani angekuwa amenakili kwaya ya kijiji cha Fizi? Ikabidi mashahidi tuwe sisi wenyewe. Tukaazima draivu ya nje ya USB, tukarekebisha tofauti ya mwanzo kwa kila mashine, tukanakili kwa mashine mbili siku mbili tofauti. Nyimbo ni 9. Nyimbo 7 zilitoa namba ya ukaguzi ile ile kwenye mashine zote. Wimbo wa 5 na wa 8 zilikataa. Umeme wa sola ulituishia mara mbili tukiwa katikati.

Ndipo mama akakumbuka kwamba shemeji yake, zoni nyingine, naye alipewa CD ile siku ile ile. Tukaenda. Ilikuwa imechakaa kuliko ya mama, ila imeumia mahali pengine. Wimbo wa 5 kwenye CD ya shemeji ulisomeka vizuri, mashine zote mbili zikakubaliana. Wimbo wa 8 ulikuwa mbovu kwenye CD zote, chini ya sekunde moja karibu na mwisho.

Hatukuuziba. Tuliandika kwenye faili la maandishi, kando ya nyimbo: hapa pana pengo, dakika fulani, CD zote mbili hazikusomeka. Siku moja akitokea mtu mwenye CD ya tatu, labda Marekani au Burundi, atajua pa kuangalia. Nakala sahihi siyo nakala isiyo na doa. Ni nakala inayosema doa lake liko wapi.

Mama alisikiliza wimbo wa 5 akiwa amekaa kwenye benchi letu. Kabla ya ubeti wa pili mumewe akakohoa. Mama akacheka, kisha akafunika uso na kitenge.

Ndugu zetu, kama una CD nyumbani, usiitupe kwa sababu redio imekufa au kwa sababu imeshaingia kwenye simu. Iweke mbali na jua, usiandike juu yake kwa kalamu ngumu, usiifute kwa shati lenye mchanga. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, kompyuta mpya mnazotuletea ni nzuri, asanteni, lakini nyingi hazina draivu ya CD. Mkipanga bajeti ijayo, ongezeni draivu moja ya nje. Ni kitu kidogo.

Sisi tupo Jumamosi asubuhi, jua likiwa zuri. Njoo na CD yako, na ukae nasi tukiisikiliza. Wewe ndiye unayejua ipi ni kelele na ipi ni mtu.